Pikapu kuukuu: kilo ya chuma ni kilo ya kitunguu

Msimu wa vitunguu unapofika katika bonde la Ziwa Eyasi, wilayani Karatu, wanunuzi wanaoteremka Mang'ola hutafuta vitu viwili: kitunguu, na gari la kukitoa shambani. Mashamba ya huko humwagiliwa kwa mifereji. Njia za kuyafikia ni vumbi wakati wa kiangazi, na ni tope pale maji ya mfereji yanapofurika. Pikapu yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne ndiyo inayoingia ndani kabisa, na mara nyingi gari hilo lina umri mkubwa kuliko dereva wake.

Soko la magari haya lina historia yake. Mwaka 1984 serikali ya Tanzania iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na pikapu zilizokwisha tumika zikaanza kumiminika. Hadi leo gari kuukuu halijakatazwa kuingia nchini, ila hutozwa kodi ya ziada kwa ajili ya umri wake. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8, na Uganda ilipiga marufuku yaliyozidi miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Kwa hiyo mwenye Hilux ya miaka ya 1990, au Land Cruiser ya aina ya 75 yenye injini ya dizeli ya 1HZ, haoni sababu ya kuiuza. Anaona heri aipeleke gereji ikaongezewe nguvu.

Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Fundi huuliza, "Bosi, tuinyanyue kidogo?" Bosi hukubali. Gari huinuliwa, hufungwa matairi makubwa, bampa ya chuma, winchi, keria ya juu na springi za kuongezea. Linapotoka gereji limependeza. Swali ambalo halikuulizwa ni moja tu: je, litaleta magunia mangapi zaidi?

Hesabu ya gunia

Tuchukue mfano mwepesi. Pikapu ina uwezo wa kubeba kilo 1,000. Dereva na wasaidizi wawili wachukue kilo 200. Zinabaki kilo 800, yaani magunia 8 ya kilo mia mia. Sasa bampa, winchi, keria na vyuma vingine vya gereji viwe na uzito wa kilo 200. Mzigo unashuka hadi magunia 6. Robo ya biashara imebaki gereji.

Mfanyabiashara huyo akifanya safari 60 kwa msimu, gari lisilo na mapambo lingeleta magunia 480. Lenye mapambo litaleta 360. Tofauti ni magunia 120, sawa na safari 15 kamili. Maana yake ni kwamba gari la kawaida linaweza kushindwa kufika mara 15 kati ya 60, na bado likawa sawa kwa mapato na lile lililofungwa vyuma. Na hapo bado haijahesabiwa fedha iliyonunua vyuma hivyo, wala mafuta yanayochomwa kuvibeba kwenda na kurudi.

Wapo watakaosema kuwa hesabu hii ni ya vitabuni, kwa sababu hakuna anayebeba kilo 1,000 tu. Ni kweli kwamba wengi huzidisha. Lakini anayezidisha hajakwepa gharama, ameihamisha. Badala ya kuilipa kwa magunia, atailipa kwa beringi, kwa chesi iliyopasuka, na siku moja kwa breki.

Breki inayodanganywa

Jambo hili la breki lingefaa kubandikwa kwenye ukuta wa kila gereji. Pikapu nyingi za Kijapani za miaka ya 1980 na 1990, Hilux ikiwa mojawapo, zina vali ndogo nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likiwa tupu, bodi iko juu, mbali na ekseli, na vali hupunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu yasifunge na gari likayumba. Gari likipakiwa, bodi hushuka, na vali huruhusu breki za nyuma zishike kwa nguvu zaidi.

Sasa gari likiinuliwa au kuongezewa springi ngumu, bodi haishuki tena kama zamani. Vali haijui kuwa kuna fundi aliyepita hapo. Inaona bodi iko juu, inaamini gari ni tupu, na inapunguza breki za nyuma wakati kuna tani ya vitunguu mgongoni na vijana wawili wamekaa juu ya magunia. Fimbo hiyo ina namna ya kurekebishwa ilingane na kimo kipya, lakini mwenye gari asipodai, kazi hiyo ni rahisi kusahauliwa. Safari ya kurudi ikiwa na mteremko, kosa hilo hugunduliwa kwa kuchelewa.

Springi za kuongezea zina udanganyifu mwingine. Zinainua mkia wa gari, na mwenye gari hudhani uwezo umeongezeka. Ekseli, beringi, breki na chesi ni zile zile. Aidha, gari likiwa tupu springi ngumu hurusharusha mkia, magurudumu hayakanyagi ardhi vizuri, na mvuto ule uliokuwa ukitafutwa unapungua.

Matairi makubwa nayo yana bei yake. Tairi likiongezeka kipenyo kwa asilimia 10, ni sawa na kubadili gia zote kuwa nzito kwa kiasi hicho hicho. Injini ya dizeli isiyo na tabo, iliyokwisha zeeka, itapanda mlima kwa taabu, klachi itaungua mapema, na mshale wa spidi ukisema 80 gari litakuwa linakwenda 88. Bodi iliyoinuliwa hupandisha uzito juu, kwa hiyo gari huwa jepesi kupinduka. Propela nazo hukaa kwa pembe kali, na krosi zake huisha kabla ya wakati.

Fedha ianzie wapi

Hii haina maana kwamba pikapu kuukuu isiguswe. Ina maana kwamba fedha ifuate utaratibu. Kwanza ni kurudisha gari katika hali yake ya asili: breki, beringi, bushi, rejeta, na uvujaji wa mafuta. Friwili za magurudumu ya mbele, zile zinazozungushwa kwa mkono, zikiwa zimeganda kwa kutu, gari linaloitwa la magurudumu manne linavuta kwa mawili tu. Kuzifungua, kuzisafisha na kuzipaka grisi ni kazi ndogo inayorudisha nusu nzima ya gari.

Pili ni matairi. Yasiwe makubwa, yawe mazuri, ya kipimo chake, yenye meno ya kushika tope. Dereva afundishwe pia kupunguza upepo. Tairi lililojazwa paundi 35 huzama mchangani. Likishushwa hadi paundi 18 au 20 hutandaza tumbo na kupita. Kipimo cha upepo na pampu ya kurudishia upepo ni bei ndogo mbele ya winchi. Sharti ni moja: upepo urudishwe kabla ya kuingia barabara ya lami, maana tairi laini likikimbizwa na mzigo hupata joto na kupasuka.

Tatu ni maji. Ekseli iliyopata moto ikiingia mtoni hupoa ghafla, hewa iliyomo hujikunja, na difu hunyonya maji kupitia sili zake. Oili ikibadilika rangi kama chai ya maziwa, difu imo hatarini. Tiba yake ni mpira mwembamba unaopandisha tundu la kupumulia la difu hadi juu, karibu na injini. Kwa wanaovuka mito mara kwa mara, bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa lina faida. Dizeli ikinyonya maji huvunja injini kwa sekunde moja, kwa kuwa maji hayashindiliki kama hewa.

Baada ya hayo ndipo izungumzwe difu loki ya nyuma, ambayo huzuia nguvu yote kukimbilia gurudumu linalozunguka bure. Winchi ije mwisho, tena kwa yule anayekwenda peke yake mahali pasipo na watu. Penye mashamba, koleo, mbao mbili, kamba nzuri na gari la jirani hufanya kazi hiyo kwa uzito mdogo na bei ndogo.

Biashara si moja

Ni haki kutenganisha biashara mbili. Gereji za Arusha zimejijengea jina kwa kurefusha Land Cruiser na kuziwekea paa la kufunguka kwa ajili ya watalii. Kazi hiyo ina mantiki yake. Mzigo ni watu wachache, na mteja analipia nafasi, dirisha pana na hata sura ya gari. Mwenye kuuza safari anaweza kurudisha fedha ya bampa. Kosa la mchuuzi wa vitunguu ni kuiga gari la mtalii wakati mteja wake wa sokoni hatazami gari. Anatazama gunia.

Lipo pia suala la karatasi. Kadi ya gari ina namba ya injini. Injini ikibadilishwa bila mamlaka kuarifiwa, gari na kadi havifanani tena. Bima nayo husimama juu ya msingi wa ukweli: mkata bima anatakiwa kueleza kila jambo linaloongeza hatari. Gari lililoinuliwa bila kampuni kuelezwa linampa mlipaji sababu ya kukataa madai siku ya ajali. Na siku ya kuuza, mnunuzi makini akiona chesi imechomelewa, hapandishi bei. Anashusha.

Mapenzi ya Watanzania kwa magari haya hayana ubishi. Arusha ilifanya tamasha zima la Land Rover Oktoba 2024. Lakini mapenzi yana daftari lake, na biashara ina lake. Kabla ya kukubali ushauri wa kuinyanyua, mwenye pikapu aandike safu mbili: safari alizokwama msimu uliopita, na kilo za chuma anazotaka kufunga. Safu ya kwanza ikiwa fupi, fedha hiyo ikanunue breki. Vijana wanaokaa juu ya magunia hawakuulizwa wakati gari linainuliwa, lakini ndio watakaolipa wa kwanza.