Kebo Ishukiwe Kwanza

Mtandao wa kebo ukatikapo nyumbani, walio wengi huzima kila chombo na kuviwasha vyote tena. Pengine hali hutengemaa, lakini hakuna ajuaye kilichotengeneza. Kesho fundi huitwa na fedha hulipwa. Heri kutazama kwanza taa ndogo iliyo kwenye tundu la kebo. Ikiwa imezimika, ichomekwe kebo nyingine iliyo nzima, pasibadilishwe kingine. Ndani ya kebo mna nyaya 8, na kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hutumia 4 tu. Kwa hiyo kebo iliyotafunwa na panya yaweza kuendelea kufanya kazi kwa kusuasua, ikamhadaa mwenyewe. Taa ikiwaka, lakini anwani ya kompyuta ikaanza na 169.254, basi kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa ya kugawiwa; hapo shaka na ihamie kwenye ruta.