Gitaa halina siri, lina majina

Kuna sentensi moja nimeichoka. Ukimwambia kijana mpiga gitaa ajifunze noti zilizo kwenye shingo ya gitaa lake, anakujibu haraka: "Kwani Mbaraka Mwinshehe alisomea wapi?" Mjadala unaishia hapo, kila mtu anacheka, maisha yanaendelea.

Mimi sicheki. Mbaraka alikuwa na kitu ambacho kijana wa leo hana, nacho ni bendi. Aliingia Morogoro Jazz katika miaka ya 1960 akiwa kijana mdogo, mwaka 1970 bendi hiyo ikaenda hadi Osaka, Japan, kwenye maonyesho ya Expo, mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, na alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, alikuwa ameishi jukwaani kwa zaidi ya muongo mmoja. Bendi ndiyo ilikuwa shule. Na nchi hii ilikuwa na shule nyingi za aina hiyo: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, BIMA Lee ya shirika la bima, Polisi Jazz na wengineo. Mwajiri alinunua vyombo, alilipa mshahara, na mpiga rithimu mchanga alikaa kila usiku pembeni ya mpiga solo mzoefu. Akikosea, alikula jicho. Baada ya miaka mitano vidole vilijua njia hata kama mdomo haukujua majina.

Sasa niambieni, bendi hiyo iko wapi leo pale Misigiri?

Kwa wasiopajua, Misigiri ipo wilayani Iramba, mkoani Singida, pale barabara ya Kiomboi inapochepuka kutoka barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, kabla hujateremka mlima Sekenke kuelekea Shelui. Wengi wetu tunapafahamu kwa dirisha la basi tu. Nilishuka hapo kikazi, na wakati nasubiri usafiri wa kwenda Kiomboi nikamkuta kijana amekaa kwenye benchi la duka, anacharaza gitaa kavu lenye nyuzi tano. Wa sita ulikatika na mpya hajapata. (Wadogo zake wanatumia galoni na nyaya za breki za baiskeli, na sauti inatoka, msidharau.)

Kijana anapiga vizuri, na sisemi hivyo kwa huruma. Anapigia kwaya ya kanisa, anashika sebene, vidole vyepesi. Nikamwuliza ile noti aliyoishikilia inaitwaje. Akacheka. "Kaka, mimi napiga kwa sikio."

Baadaye akanisimulia yaliyomkuta. Kwaya yake ilichanga pesa, ikaenda mjini kurekodi. Fundi wa studio akasema wimbo uende B fleti kwa sababu ya sauti za kina mama. Kijana akaanza kuitafuta B fleti kwa kupapasa, freti moja moja, huku saa ya studio inakimbia na pesa za kwaya zinakimbia nayo. Fundi akachoka. Akabonyeza kinanda, akachagua sauti ya gitaa, akamaliza kazi kwa dakika chache. Kanda ilitoka, gitaa lake halimo. Alirudi Misigiri na kwaya ileile, kwenye gari lilelile, hakuna aliyemsema vibaya. Ila tangu hapo wanakwaya wameanza kuchanga kununua kinanda.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Sikio la yule kijana lilikuwa zima, na B fleti ilikuwa mkononi mwake: freti ya 6 kwenye uzi mnene kuliko zote, au freti ya 1 kwenye uzi wa tano. Alichokosa ni jina tu. Lakini jina ndilo lugha ya kazini. Ukiitwa kurekodi na watu msiofahamiana, hakuna muda wa kuangaliana vidole.

Watu wanaogopa kwa sababu shingo ya gitaa inaonekana kama msitu. Nyuzi 6 mara freti 12 ni sehemu 72, na nyuzi tupu sita juu yake. Nani atakariri? Lakini noti zenyewe ni 12 tu, zinajirudia. Ukifika freti ya 12 umerudi ulikoanzia.

Na hapa ndipo ninapotaka kuwauliza walimu wa kwaya. Iramba ni nchi ya kwaya. Walutheri wamekuwa huko kwa miaka mingi, na mtoto wa kwaya anaimba do re mi kabla hajashika gitaa. Karatasi ya solfa ina maandishi juu yake: Do ni G, Do ni F. Basi ile herufi ndiyo mlango! Do ikiwa G, nenda uzi mnene, freti ya 3. Panda freti mbili ni re, mbili tena ni mi, moja ni fa, kisha mbili so, mbili la, mbili ti, moja do. Kijana anayeimba solfa tayari anajua hatua hizo kwa koo. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia kwamba hapo aliposimama panaitwa G, pale A, pale B, na kwamba kati ya B na C, na kati ya E na F, hakuna freti ya kuruka.

Akishika uzi wa sita na wa tano, kazi kubwa imekwisha. Uzi wa kwanza una majina yaleyale ya wa sita. Kutoka noti yoyote ya uzi wa sita, ruka uzi mmoja, panda freti mbili: G ya freti ya 3 inakutana na mwenzake freti ya 5, uzi wa nne. Uzi wa tano unakupa wa tatu kwa njia hiyohiyo. Uzi wa pili ndio mkorofi, kutoka wa nne unapanda freti tatu. Dakika kumi kwa siku, kwa kuimba jina huku unapiga, na baada ya miezi michache unaweza kuitafuta kodi yoyote (si zile za TRA) bila kupapasa.

Najua mtaniambia kuna YouTube. Ipo, lakini bando si bure, na masomo mengi ni ya Kiingereza, yanaanza na michoro ya vidole. Kijana anakariri umbo, anahamia umbo lingine, na kapo inamfichia anakokwenda.

Kuna wengine watasema majina yanaua hisia. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alizunguka dunia na zeze na ilimba bila kuhitaji herufi za wazungu. Nakubali kabisa. Lakini Zawose alikuwa na muziki wake na familia yake ya wapigaji. Yule wa Misigiri anaombwa apige muziki wa watu wengine, kwa ufunguo waliouchagua wao, kesho asubuhi.

Kwaya za Singida zina walimu, na Makumira kule Arusha, chuo kikuu cha Walutheri haohao, kinatoa shahada ya muziki. Haihitaji mradi wala mfadhili kumpa mpiga gitaa wa kwaya nusu saa baada ya mazoezi ya Jumamosi. Kabla gari la Kiomboi halijafika nilimchorea yule kijana nyuzi mbili nyuma ya karatasi ya alizeti aliyokuwa amefungia karanga. Alipofika freti ya 6 akasimama, akaipiga mara tatu, akaniuliza: "Hii ndiyo ile?"