Kidonge cha Saratani Kisifike Kibondo na Kasulu Bila Msimamizi

Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma

Nakala: Mganga Mkuu wa Serikali, Wizara ya Afya, Waganga Wakuu wa Halmashauri za Wilaya za Kibondo na Kasulu na wa Halmashauri ya Mji wa Kasulu

YAH: USALAMA WA WAGONJWA WA SARATANI WANAOMEZA DAWA NYUMBANI



Matibabu ya saratani iliyosambaa, yaani saratani ambayo seli zake zimekwisha kuhama mahali zilipoanzia na kukita katika viungo vingine kama ini, mapafu au mifupa, yamebadilika sana tangu kuanza kwa karne hii, kwa kuwa dawa nyingi ambazo zamani zingehitaji dripu na kitanda cha hospitali sasa hutengenezwa kwa umbo la vidonge ambavyo mgonjwa huvimeza nyumbani kwake. Kwa mkazi wa Kibondo au Kasulu mabadiliko hayo ni msaada mkubwa, kwani huduma kamili ya saratani, ikiwemo tiba ya mionzi, huifuata katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza, kwa njia inayopita Nyakanazi na Geita mpaka Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, au katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, umbali unaozidi kilomita 1,000. Kila dozi inayoweza kumezwa nyumbani humpunguzia mgonjwa nauli, gharama za malazi mjini na siku ambazo shamba lingekaa bila mtu.

Hata hivyo, dawa inapotoka wodini huwaacha nyuma watu waliokuwa wakiiangalia. Muuguzi anayetundika dripu huona mapema mgonjwa anapoanza kutapika, mfamasia huhakiki dozi kabla haijatolewa, na daktari husoma majibu ya damu kabla ya kuruhusu mzunguko mwingine wa tiba, lakini mgonjwa aliyerudi kijijini hubaki na pakiti ya vidonge, karatasi ya maelezo ambayo mara nyingi imeandikwa kwa lugha asiyoisoma, na kumbukumbu ya yale aliyoambiwa siku ya kuondoka hospitalini. Hoja ya barua hii ni moja: kidonge cha saratani kinapomfikia mgonjwa wa Kibondo au Kasulu, ni lazima awepo mtumishi wa afya wa karibu mwenye wajibu wa kusimamia matumizi yake, na kumweka mtumishi huyo ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa.

Vidonge hivyo si vya aina moja, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Tamoksifeni, inayotumiwa kwa saratani ya matiti inayokuzwa na homoni ya estrojeni, humezwa kila siku kwa miaka. Imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 kwa ajili ya aina mojawapo ya saratani sugu ya damu, huzuia protini isiyo ya kawaida inayozichochea seli nyeupe za damu zizaliane bila kikomo. Tangu mwaka 2002 kampuni ya Novartis na taasisi ya The Max Foundation ziliendesha mpango wa kuitoa bila malipo katika nchi nyingi, na kwa Tanzania wagonjwa waliipata Ocean Road. Abirateroni hutumiwa kwa saratani ya tezi dume iliyosambaa, na kazi yake ni kuuzuia mwili usitengeneze homoni za kiume zinazoikuza saratani hiyo. Kapesitabini hutumiwa kwa saratani ya matiti na ya utumbo mpana, na ikishaingia mwilini hugeuka kuwa fluorourasili, dawa ya tibakemia ambayo kwa miongo mingi imetolewa kwa dripu. Shirika la Afya Duniani liliingiza imatinibu na kapesitabini katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2015, na abirateroni mwaka 2019, na kwa hiyo dawa hizi zinapaswa kuhesabiwa miongoni mwa mahitaji ya kawaida ya mfumo wa afya, hata katika mikoa iliyo mbali na bahari.

Kanuni za kuzimeza zinapingana, kiasi kwamba ushauri ulio sahihi kwa mgonjwa mmoja unaweza kumdhuru mwenzake. Imatinibu humezwa pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji kwa kuwa huchokoza tumbo, ilhali abirateroni katika dozi yake ya kawaida humezwa tumbo likiwa tupu, angalau saa 2 baada ya mlo mmoja na saa 1 kabla ya mlo mwingine, kwa sababu chakula huongeza mno kiasi cha dawa kinachoingia katika damu. Tena abirateroni huandamana na predinisoloni, ambayo nayo haifai kukatizwa ghafla. Kapesitabini humezwa asubuhi na jioni, ndani ya dakika 30 baada ya kula, bila kuvunjwa wala kusagwa, na kwa kuwa dozi yake hukokotolewa kutokana na urefu na uzito wa mgonjwa, mtu mmoja anaweza kuandikiwa vidonge 3 au 4 vya miligramu 500 kila asubuhi na idadi hiyohiyo kila jioni. Katika utaratibu uliozoeleka dawa hiyo humezwa kwa siku 14 na kupumzishwa kwa siku 7, na mapumziko hayo ni sehemu ya tiba, kwa kuwa ndiyo yanayoupa uboho, yaani sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu, pamoja na utando wa ndani wa utumbo, muda wa kujijenga upya.

Tofauti iliyo nzito zaidi inahusu kuacha dawa. Kwa miaka mingi wananchi wa Kigoma, kama Watanzania wengine, wamefundishwa kwa haki kabisa kwamba dawa za malaria, za kifua kikuu na za kufubaza virusi vya UKIMWI haziachwi njiani, na fundisho hilo linamfaa mgonjwa wa imatinibu, ambaye ugonjwa wake unaweza kuibuka upya akiruka dozi kwa kuwa tu amepata nafuu. Mgonjwa wa kapesitabini anahitaji fundisho jingine, nalo ni kwamba zipo dalili ambazo zikitokea anapaswa kusimamisha dawa na kuwasiliana na hospitali siku hiyohiyo: kuhara kunakozidi kawaida yake kwa mara 4 au zaidi kwa siku au kunakomwamsha usiku, kutapika zaidi ya mara moja ndani ya saa 24, vidonda vya mdomoni vinavyomzuia kula, viganja na nyayo zinazouma na kuvimba, maumivu ya kifua, au joto la mwili linalofikia nyuzi 38. Isitoshe, wapo watu wachache wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoivunjavunja dawa hii mwilini, na kwao hata dozi ya kawaida inaweza kuwa sumu tangu siku za mwanzo. Mgonjwa mvumilivu anayeendelea kumeza ili amalize dozi ndiye aliye hatarini kuliko wote, na uvumilivu huo hautokani na ujinga, bali unatokana na utii kwa mafundisho aliyopewa na wahudumu wa afya wenyewe.

Hatari ya pili inayohitaji uamuzi wa ofisi ya Mganga Mkuu ni homa. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliiweka Kigoma miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa zaidi nchini, na kwa sababu hiyo ni kawaida mtu mwenye homa kupimwa malaria kwanza na, kipimo kikisema ndiyo, kupewa dawa mseto na kurudishwa nyumbani. Kwa mgonjwa anayemeza kapesitabini, hasa ikiwa sambamba na dawa ya dripu kama oksaliplatini, homa inaweza kuwa ishara kwamba seli nyeupe za damu zimepungua na bakteria wameingia katika damu, hali inayoweza kuua kwa muda mfupi ikicheleweshwa. Kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kuendelea kuonyesha maambukizi kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kwisha, na hata pale malaria ilipo kweli, haizuii maambukizi ya bakteria kuwepo pamoja nayo, hivyo jibu la malaria peke yake halitoshi kumruhusu mgonjwa huyo kurudi nyumbani kabla hajapimwa picha kamili ya damu na kuanzishiwa antibiotiki pale inapohitajika.

Hatari ya tatu ni mchanganyiko wa dawa, kwa kuwa mgonjwa wa saratani hapati kinga dhidi ya magonjwa mengine. Rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu, hulichochea ini livunje dawa nyingine kwa kasi, na kwa njia hiyo hupunguza imatinibu iliyo mwilini kwa karibu robo tatu na abirateroni kwa zaidi ya nusu, hata mgonjwa akidhani anatibiwa kumbe dawa haina nguvu. Kwa upande wa kapesitabini mwelekeo ni kinyume, kwani foliki asidi huongeza ukali wake, ilhali vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, maarufu kama fefo, ni miongoni mwa vitu vya kwanza anavyopewa mtu aliyeonekana kuishiwa damu. Dawa hiyohiyo huongeza nguvu ya wafarini, inayozuia damu kuganda, mpaka mgonjwa akaweza kuvuja damu, na hupandisha kiasi cha fenitoini katika damu ya mtu mwenye kifafa. Maduka ya dawa muhimu, ambayo mpango wake ulianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 na ambayo kwa vijiji vingi ndiyo mlango wa karibu wa kupata dawa, yanahitaji kujua habari hizi, na vivyo hivyo waganga wa tiba asili, kwa sababu mizizi na majani yanayochemshwa nayo yanaweza kuingiliana na vidonge, na mgonjwa husema ukweli kuhusu matumizi yake pale tu anapoulizwa bila kukaripiwa.

Maisha ya mkulima wa nyanda za juu huongeza mambo ambayo vitabu vilivyoandikwa kwingineko huyataja kwa haraka. Kapesitabini huunguza na kuchubua ngozi ya viganja na nyayo, na msuguano na joto huzidisha madhara hayo, kwa hiyo mtu anayelima maharage au mihogo kwa jembe la mkono anapaswa kuelezwa mapema kwamba siku za dawa si siku za kulima, wala za kutembea peku au kuosha vyombo kwa maji ya moto, na kwamba mafuta mazito ya kupaka mara kwa mara husaidia. Vidonge vihifadhiwe katika pakiti yake mahali pakavu pasipo na joto la jiko na pasipofikiwa na watoto. Mjamzito asivishike kwa mikono mitupu, na anayemsaidia mgonjwa anawe mikono kwa sabuni kila anapomaliza. Dozi iliyosahaulika haifidiwi kwa kumeza maradufu, na vidonge vilivyobaki havigawiwi kwa jirani mwenye saratani ya jina lilelile, bali hurudishwa hospitalini.

Kutokana na hayo, ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa inaombwa kuchukua hatua zifuatazo.

Kwanza, katika kila hospitali ya halmashauri ya Kibondo na Kasulu ateuliwe mfamasia au muuguzi mmoja, pamoja na msaidizi wake, awe msimamizi wa wagonjwa wanaomeza dawa za saratani, na apewe simu ya ofisi ambayo namba yake haibadiliki hata mtumishi akihamishwa na ambayo hupokelewa usiku na mchana.

Pili, kuwe na makubaliano ya maandishi na Bugando pamoja na Ocean Road, ili mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani, na kwa ridhaa yake, msimamizi huyo apate siku ileile jina la dawa, dozi, tarehe za kumeza na kupumzika, na tarehe ya kipimo kijacho cha damu, ambacho kifanyike karibu na nyumbani kila inapowezekana.

Tatu, kila dawa iandaliwe karatasi yake ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, yenye kalenda ya kutia alama na orodha ya dalili za kusimamisha dawa, na maelezo yake yatolewe pia kwa mdomo kwa Kiha kwa wazee wanaokielewa zaidi, bila kuwasahau wakimbizi wa Nyarugusu, kambi iliyopo wilayani Kasulu tangu mwaka 1996.

Nne, zahanati na vituo vya afya vipewe mwongozo mfupi wa homa unaosema wazi kwamba mgonjwa wa tibakemia mwenye joto la nyuzi 38 hupelekwa hospitali siku hiyohiyo, hata kama kipimo cha malaria kimesema ndiyo.

Tano, wauzaji wa maduka ya dawa muhimu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kuuliza swali moja kabla ya kutoa dawa yoyote, yaani kama mgonjwa anameza kidonge cha saratani, na madhara yanayojitokeza yaripotiwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kwa fomu ya njano iliyowekwa kwa kazi hiyo.

Hatua hizo hazihitaji jengo jipya wala mashine ya mionzi, kwa kuwa gharama yake kubwa ni mafunzo, karatasi, simu na muda wa watumishi ambao tayari wameajiriwa, ilhali kukosekana kwake kunaweza kumpoteza mgonjwa aliyekwisha kusafiri mbali, akapimwa, akapewa dawa sahihi, kisha akafa kwa kuhara au kwa homa ambayo ingetibika. Ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa inaombwa kulijibu ombi hili hadharani, kwa kutaja tarehe ya kuanza na kubandika namba za simu za wasimamizi hao katika mbao za matangazo za kila zahanati ya Kibondo na Kasulu, na hadi hapo zitakapobandikwa, kila mgonjwa na kila anayemuuguza anasihiwa asiondoke katika hospitali ya saratani kabla hajaandikiwa kwa Kiswahili siku za kumeza, siku za kupumzika, dalili za kusimamisha dawa na namba ya kupiga.