Mtoto Naye Asikilizwe

Nyumba ivunjikapo kwa talaka, mali yake hugawanywa. Huyu huchukua kitanda, yule huchukua kabati, na shamba hupimwa kwa kamba. Kila mkubwa huulizwa atakalo. Lakini mtoto huweza kugawanywa pamoja na vyombo asiulizwe neno. Msomaji, mtoto si chombo, na kumpeleka huku au kule bila ya kumsikiliza ni dhuluma, hata ikifanywa kwa jina la mapenzi.

Wako wasemao kwamba mtoto hana akili ya kuamua. Husahau kuwa kusikilizwa si kuamua. Shahidi husikilizwa mahakamani wala hafanywi hakimu. Mgonjwa huulizwa na daktari mahali pamuumapo wala hapewi kisu ajipasue. Nani ajuaye kama mtoto ni nani aliyekesha naye alipopatwa na homa, na ni mkono wa nani autetemekeao? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sheria yetu haiko upande wa wanyamazishaji. Mwaka 1990 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, na kifungu chake cha 12 chataka mtoto asikilizwe katika mashauri yamhusuyo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, yatanguliza maslahi ya mtoto mbele ya yote katika kila jambo limhusulo. Sheria ya Watoto ya 2022 yaagiza apewe nafasi ya kutoa maoni, nayo yapimwe kwa umri na ukomavu wake. Hakimu aweza kuzungumza naye faraghani, mbali na macho ya wazazi, au kupokea taarifa ya afisa wa watoto.

Hoja nyingine ni nzito zaidi: kwamba mtoto hufundishwa la kusema. Mzazi mmoja humhonga kwa viatu, mwingine humtia hofu. Hayo hutokea. Lakini sarafu ya bandia haimfanyi mfanya biashara akatae fedha zote, humfundisha kuzikagua. Dawa ya mtoto aliyefundishwa ni msikilizaji stadi na mwenye subira, si kufuli mdomoni.

Hata hivyo, si kila swali ni la haki. Kumwuliza mtoto, "Wampenda nani zaidi, baba au mama?" ni ukatili. Akimtaja mmoja, amemwumiza mwingine. Asipojibu, aungua moyoni. Na aulizwe habari za maisha yake: wapi hulala kwa amani, atakwendaje shule, atatenganishwa na nduguze au la, na lipi aliogopalo. Akipenda kunyamaza, aachwe anyamaze, kwa kuwa kusema ni haki yake, si deni lake. Na hukumu ikienda kinyume cha maoni yake, aelezwe sababu.

Kijana usomaye, kama msiba huu umeingia nyumbani kwenu, fahamu kwamba talaka ya wazazi si kosa lako, na kuomba usikilizwe si utovu wa adabu. Kama haukuingia, basi kumbuka kwamba kesho wengine wenu mtakuwa mahakimu na mawakili, na wengi mtakuwa wazazi. Siku hiyo msiseme kwamba mtoto hajui kitu. Ninyi mlikuwa watoto, na mlijua mengi.