Mdahalo Si Shoo ya Kiingereza

Wasee, tuambiane ukweli. Hapa Katito, mara nyingi aliyepata tiketi ya ODM ameshamaliza safari kabla Agosti haijafika. Mchujo ndio kura yenyewe. Kwa hivyo mdahalo wa maana ni ule wa kabla ya mchujo.

Lakini tunavyowapa alama wagombea, aibu! "Huyo amemmaliza mwenzake." "Suti imekaa." "Kiingereza chake moto." Halafu miaka 5 tunalia.

Kipimo changu ni kimoja: anajua kazi anayoomba? Katiba ya 2010 iko wazi. Mbunge anatunga sheria na kuichunga serikali ya kitaifa. Dawa za zahanati na masoko ni ya kaunti. Mgombea ubunge akiahidi dawa, usimpigie makofi. Muulize atazinunua kwa pesa ya nani. Anayetaka kuwa MCA naye aeleze bajeti ya kaunti ataikagua vipi, si barabara ngapi "atajenga".

Na asiyekuja je? Mwaka 2017 Uhuru alisusia mdahalo wa urais, Raila akabaki jukwaani peke yake. 2022 Raila akasusia, Ruto akabaki. Wengi waliomcheka Uhuru ndio waliomtetea Baba. Zii! Kiti kitupu ni sifuri, kiwe cha wao au chetu.

2027 inakuja. Wakifika hapa na fulana na vipaza sauti, tuwaambie: zima muziki kwanza, mheshimiwa, ujibu maswali.