Vifurushi vya Usiku na Usingizi wa Wanafunzi

Wapagazi wa Kinyamwezi walioipita Unyanyembe katika karne ya 19 walibeba mizigo ya takribani kilo 30 kila mmoja, lakini walikuwa na kanuni: safari huanza alfajiri, na jua likipanda, kambi hupigwa na mizigo hutuliwa. Hapa Kipalapala, jirani na njia hiyo ya misafara, ipo Seminari Kuu. Na katika mapokeo ya seminari, kengele ya usiku hufuatwa na ukimya hadi asubuhi. Kila mzigo ulikuwa na saa ya kutuliwa.

Mwanafunzi wa chuo wa leo hatui wake. Simu humfuata hadi kitandani. Mwanga wa kioo chake huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, na video zisizo na mwisho huishughulisha akili iliyopaswa kutulia. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Anayezikosa mfululizo huwa mwepesi wa hasira na mzito wa kukumbuka; huzuni na wasiwasi humwelemea kwa urahisi. Naye mwenye wasiwasi hushindwa kulala, akaishika simu tena.

Tumezoea kuwalaumu vijana kwa kukosa nidhamu. Lawama hiyo ni nusu ya ukweli. Makampuni ya simu huuza vifurushi vya usiku: data nyingi kwa bei ndogo, kwa sharti la kutumika wakati watu wamelala. Kwa anayehesabu kila shilingi ya boom, kukesha ndiyo njia nafuu ya kupakua mihadhara. Soko limempangia saa za kusoma, nasi twamwita mtovu wa nidhamu. Wapo pia wahadhiri wanaotuma kazi kwenye kundi la WhatsApp saa 4 usiku na kuitaka asubuhi.

Kwa hiyo, TCRA iyahimize makampuni kuwauzia wanafunzi vifurushi vya mchana kwa bei ya usiku. Vyuo viimarishe intaneti ya maktaba, na vikataze kazi kutumwa baada ya saa 12 jioni. Washauri wa wanafunzi waulize habari za usingizi kabla ya kuuliza habari za alama. Mwanafunzi naye aiweke simu mbali na mto wake. Hilo la mwisho ni jukumu lake. Yaliyotangulia ni yetu, na tusimtake atimize lake kabla hatujatimiza ya kwetu.