Je, Wajapani Waliiga Tu?

Katika majadiliano ya muhula huu mwenzetu mmoja alisema kwamba Wajapani wa karne ya 19 waliwaiga Wazungu tu, wala hawakutumia akili yao wenyewe. Wengi walimpigia makofi. Mimi sikubali, na sababu zangu ni hizi.

Mwaka 1853 manowari nne za Kimarekani, zikiongozwa na Perry, ziliingia ghuba ya Edo, na Wajapani hawakuwa na chombo cha kuzizuia. Basi walianza kwa kununua. Kiwanda cha Armstrong cha Newcastle, Uingereza, kiliwaundia kruza mbili, Naniwa na Takachiho, zilizoshushwa majini mwaka 1885. Kruza za namna hii hazikuvikwa chuma kinene ubavuni. Zilikuwa na sitaha ya chuma iliyofunika mitambo na baruti, na kwa hiyo zilikuwa nyepesi na zenye mbio. Kruza nyingine, Unebi, iliundwa Ufaransa. Desemba 1886 iliondoka Singapore kwenda Japani, ikapotea na watu wake wote.

Ndipo Wajapani walipojifunza kwamba kununua hakutoshi? La, walikwisha kuanza kujifunza. Mwaka huo huo walikuwa wamemwajiri fundi wa Kifaransa, Bertin, naye akawachorea ramani za kruza tatu. Mbili ziliundwa Ufaransa, lakini ya tatu, Hashidate, iliundwa kwao Yokosuka, ikakamilika mwaka 1894. Kila moja ilipewa mzinga mmoja mkubwa mno, wa milimita 320. Katika vita vya Yalu, tarehe 17 Septemba 1894, mizinga hiyo ilipigwa mara chache tu. Kazi ilifanywa na mizinga midogo ipigayo upesi.

Sasa tazameni: kruza Akitsushima, nayo iliundwa Yokosuka na kukamilika mwaka huo wa 1894, haikuwekewa mzinga mkubwa wa namna ile. Mtu aigaye tu angaliuweka, kwa kuwa mwalimu aliuweka.

Najua kwamba nguvu hiyo baadaye ilitumika kuwaonea majirani, hata Korea ikatwaliwa mwaka 1910. Sisifu vita. Nasifu bidii ya mtu anayeuliza, akajaribu kwa mkono wake, kisha akapima.

Nasi tunaonakili majibu ya hesabu usiku wa kuamkia mtihani tukumbuke kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kunakili si dhambi ikiwa kesho yake tutaweza kuifanya hesabu hiyo wenyewe. Mwenye maoni mengine na aandike katika toleo lijalo.